Mgongo wa Mtoto Umepinda Nyuzi Ngapi?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mgongo wa mtoto umepinda, apelekwe hospitali gani? Madaktari wa safu yetu wamejibu sita. Pale majibu yanapogusa upasuaji wamekwenda polepole, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi hupoteza fedha na muda.

Daktari, shikamoo. Binti yangu ana miaka 13, tunaishi Morogoro. Fundi aliyekuwa anampima sare ndiye aliyeniambia bega la kulia liko juu. Hospitali walimpiga picha ya kifua, wakaandika ana skoliosisi, yaani uti wa mgongo uliopinda kwenda pembeni. Shemeji yangu anataka tuanze kuchangisha fedha za kwenda India mara moja. Tuanzie wapi?

Marahaba, mama. Mwombe shemeji aliweke kando daftari la michango kwa wiki chache. Fundi wako apewe shukrani zake, maana jicho la fundi cherehani hukamata mabega yasiyolingana mapema kuliko macho ya wengi wetu. Ila picha ya kifua haitoshi kuamua lolote. Inaonyesha kipande tu cha uti wa mgongo, na kama ilipigwa akiwa amelala, kona ya mgongo itaonekana ndogo kuliko ilivyo, kwa kuwa uzito wa mwili haukandamizi mgongo uliolala.

Picha inayotakiwa ni eksirei ya uti wa mgongo mzima, binti akiwa amesimama wima bila viatu, kuanzia shingoni mpaka nyonga zote mbili. Mionzi ipite kutoka nyuma kwenda mbele, ili matiti yanayokua yapate kiasi kidogo. Picha ya pili ipigwe ubavuni. Filamu ya kawaida haifikii urefu huo, hivyo kama mashine yenu haiwezi kuunganisha picha, ombeni barua ya kupigia penye uwezo huo kuliko kukubali vipande viwili visivyoshikana. Ombeni na nakala ya CD. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu mbele ya dirisha na kutumwa WhatsApp huja imepinda kingo, na mara nyingi nyonga zimekatwa.

Kwenye picha hiyo daktari huchora mstari juu ya pingili (mfupa mmoja wa uti wa mgongo) iliyoinama zaidi sehemu ya juu ya kona, na mwingine chini ya pingili iliyoinama zaidi sehemu ya chini, kisha hupima pembe kati ya mistari hiyo. Hiyo ndiyo pembe ya Cobb. Ikiwa chini ya nyuzi 10 hatuiti skoliosisi. Wapimaji wawili wanaweza kutofautiana nyuzi 5 kwenye picha ileile, kwa hiyo mtoto aliyeandikiwa 24 mwezi wa kwanza na 27 mwezi wa sita huenda hajabadilika kabisa. Aliyetoka 24 akafika 34 amebadilika, na hapo haraka inahitajika.

Namba ya pili ni ukuaji uliobaki. Nyonga zilitakiwa kwenye picha kwa sababu hiyo: ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga huota ukanda wa mfupa mpya unaosomwa kwa ngazi ya Risser, kuanzia 0 hadi 5. Andika pia tarehe ya hedhi yake ya kwanza. Msichana hurefuka kwa kasi kubwa kabla ya hedhi kuanza, kisha huendelea polepole kwa kama miaka 2. Kona ya nyuzi 30 kwa binti ambaye hajavunja ungo inatisha. Kona hiyohiyo kwa binti wa miaka 17 aliyemaliza kukua mara nyingi itabaki hapo hapo.

Sasa ndipo unaweza kuuliza tiba. Chini ya nyuzi 25, kwa kawaida ni kumfuatilia kila miezi 4 hadi 6 akiwa bado anakua. Kati ya 25 na 40, akiwa na ukuaji mbele yake, anavishwa koti gumu la plastiki lililotengenezwa kwa vipimo vya mwili wake. Kuna utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliochapishwa 2013 ambao haukuacha ubishi: kati ya waliovaa koti, asilimia 72 walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50, dhidi ya asilimia 48 ya waliofuatiliwa tu. Waliolivaa zaidi ya saa 13 kwa siku walifanikiwa kwa asilimia 90 au zaidi. Koti linalokaa kabatini halitibu. Kupata fundi wa kulitengeneza ni kazi nyingine, lakini si lazima kuvuka bahari. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, hufundisha wataalamu wa vifaa hivi, na wahitimu wake wametawanyika kwenye hospitali nyingi za rufaa. Kila koti jipya lipigiwe eksirei likiwa limevaliwa. Kama kona haijapungua hata kidogo ndani yake, lirudi kwa fundi.

Upasuaji huanza kuzungumzwa kwenye nyuzi 45 hadi 50. Kona ya kifua iliyovuka 50 huelekea kuongezeka hata mtu akishakuwa mzima, wastani wa kama nyuzi 1 kwa mwaka.

Kwenu Morogoro njia ni hii: chukueni rufaa kutoka hospitali ya mkoa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, na barua itaje kliniki ya uti wa mgongo. Barua isiyotaja kliniki hukupeleka foleni ya mifupa ya jumla, ukajikuta umekaa siku nzima kwenye benchi la waliovunjika miguu. Daktari akimpima, hakikisha ameinamishwa mbele viganja vimeunganishwa ili nundu ya mbavu ionekane, na neva zake zimejaribiwa kwa kugusa tumbo na kugonga magoti. Maumivu yanayomwamsha usiku, miguu kulegea, mguu mmoja kubadilika umbo, kushindwa kuzuia mkojo, au kona ya kifua iliyoelekea kushoto ni sababu za kupiga MRI, picha ya sumaku inayoonyesha neva, kabla ya kitu kingine chochote.

Mtoto wangu wa kiume ana miaka 4. Alizaliwa na pingili moja iliyo nusu tu. Tuko Nakuru. Daktari mmoja alituambia tungoje afike miaka 14 ndipo apasuliwe, mwingine akasema afanyiwe sasa. Tumwamini nani?

Baba, kwa kona ya kuzaliwa nayo huwezi kungoja miaka 10 kwa macho yaliyofumbwa. Pingili nusu hukua kama kabari: upande wake unarefuka, wa pili umesimama. Ikiwa upande wa pili una daraja la mfupa linaloshikanisha pingili, hali ndiyo mbaya kuliko zote na huongezeka kwa kasi. Lakini pingili nusu iliyoungana na jirani zake inaweza kutulia miaka yote. Tofauti hiyo huonekana kwenye CT scan, na mtoto huyu anahitaji moja nzuri, iliyopangwa kwa kiwango cha mionzi cha watoto.

Kuna vipimo vitatu ambavyo tunashangaa kila mara kuvikuta havijafanyika. Cha kwanza ni ultrasaundi ya figo, cha pili ni eko ya moyo, cha tatu ni MRI ya uti wote wa mgongo. Pingili, figo na moyo huumbika wiki zilezile tumboni, hivyo kasoro husafiri pamoja. Mtoto mwenye figo moja anaweza kuishi bila mtu kujua mpaka siku ya upasuaji. MRI nayo huonyesha kama ugwe mgongo, yaani ule mshipa mkuu wa neva ndani ya pingili, umenaswa chini au umegawanyika. Ukinyoosha mgongo wa namna hiyo bila kuufungua kwanza, mtoto anaweza kuamka miguu haifanyi kazi.

Kuhusu umri: kuondoa pingili nusu moja na kuunganisha jirani zake wawili kunaweza kufanyika mapema, hata kwenye umri wa mwanao, na hapo kuchelewa ni hasara kwa sababu kona hukomaa na kudai upasuaji mkubwa zaidi. Jambo la kuogopa ni kuunganisha sehemu ndefu ya kifua cha mtoto mdogo. Mapafu huendelea kuota vifuko vya hewa mpaka kama miaka 8, na kifua kilichofungwa kikiwa kifupi hubaki na mapafu mafupi. Ndiyo maana kwa kona ndefu za watoto chini ya miaka 10 hutumika fito za chuma za kukua, zinazoshikwa juu na chini tu na kurefushwa kila baada ya miezi 6 kwa upasuaji mdogo. Zipo pia za sumaku zinazorefushwa kutoka nje ya ngozi, bei yake kubwa. Daktari anayependekeza fito za kukua akueleze nani atazirefusha mwaka wa tatu, na wapi.

Mlipo Nakuru, Kijabe haiko mbali. Hospitali ya CURE pale, iliyofunguliwa 1998, ni ya mifupa ya watoto. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ni njia ya pili. Pigeni simu kwanza mkaulize siku ya kliniki ya migongo, na kama mnatumia bima ya SHA, kibali kiombwe na hospitali kabla ya kulazwa.

Mdogo wangu ana miaka 15, kona yake ni nyuzi 68. Tumepata makadirio mawili, moja la hapa na moja la nje ya nchi. La nje ni kubwa lakini si mara mbili. Tutajuaje nani anaijua kazi? (Msomaji wa Mwanza)

Swali zuri kuliko yote tuliyopokea, na bei ndiyo kitu cha mwisho kwenye jibu lake.

Upasuaji wenyewe ni huu: mgonjwa analazwa kifudifudi, mgongo unafunguliwa katikati, skrubu zinaingizwa kwenye pingili moja moja pande mbili, fito mbili zinapindwa kwa umbo linalotakiwa na kufungwa kwenye skrubu, kisha mifupa inakwanguliwa na kuwekwa vipande vya mfupa ili pingili zishikane ziwe kitu kimoja. Ni kazi ya saa 4 hadi 8. Fito hushikilia tu mpaka mfupa uungane. Mfupa usipoungana, fito itakatika, hata ikiwa ya titani.

Basi muulize mpasuaji, uso kwa uso au kwa video: umefanya kona za watoto ngapi mwaka uliopita? Wangapi walirudi chumba cha upasuaji ndani ya siku 90, na kwa nini? Mpasuaji mzuri ana majibu kichwani na hachukii kuulizwa. Daktari wa mifupa aliyezoea migongo iliyovunjika ni fundi wa kweli, lakini kona ya nyuzi 68 ni kazi nyingine.

Uliza neva zitalindwaje. Njia bora ni mashine inayotuma umeme mdogo kutoka kichwani hadi miguuni na kurudi wakati wote wa kazi, ili ugwe ukianza kuvutwa ionekane dakika hiyohiyo na fito zilegezwe. Mashine hiyo inahitaji usingizi wa kupitia mshipani, kwani gesi ya usingizi hufifisha ishara. Kwa hiyo umtafute na mtaalamu wa usingizi umuulize hilo. Pasipo na mashine, hutumika jaribio la kuamshwa: katikati ya upasuaji mgonjwa anazinduliwa kidogo, anaambiwa achezeshe vidole vya miguu, kisha analazwa tena. Linafanya kazi, lakini linatoa jibu la dakika moja tu. Mkienda nchi ya mbali, mtu wa chumba kile ajifunze kusema "chezesha vidole vya miguu" kwa Kiswahili, na mgonjwa afanye mazoezi ya amri hiyo siku moja kabla. Tusionekane tunachekesha: mtoto mwenye usingizi wa dawa haelewi Kiingereza cha darasani.

Damu. Upasuaji mrefu hutoa damu nyingi. Wiki 6 kabla pimeni wingi wa damu, minyoo, malaria na selimundu. Upungufu ukionekana utibiwe kwanza, maana kuanza na damu pungufu ni kuanza na deni. Uliza kama wanatumia dawa ya traneksamiki kupunguza utokaji wa damu, kama wana mashine ya kukusanya na kusafisha damu ya mgonjwa mwenyewe, na chupa ngapi ndugu wanatakiwa kuchangia. Uliza pia kitanda cha wagonjwa mahututi: kimetengwa kwa jina lake usiku ule, au "tutaona kikiwepo"? Upasuaji mwingi huahirishwa asubuhi yenyewe kwa kukosa kitanda hicho, familia ikiwa imeshalipia nyumba ya wageni.

Ndipo sasa makadirio. Yakiwa ni mstari mmoja wenye jumla, yarudisheni. Yaonyeshe idadi ya skrubu na bei ya kila moja, kwa sababu vyuma mara nyingi ndivyo gharama kubwa. Pia siku za mahututi, siku za wodini, MRI na CT, mashine ya neva, damu, na nani analipa kidonda kikiingia wadudu. Kwa skoliosisi isiyo na chanzo kinachojulikana, kidonda huingia wadudu kwa kama mgonjwa 1 au 2 kati ya 100, na kupooza ni chini ya 1 kati ya 100. Akikuambia hakuna hatari kabisa, mshukuru utoke. Kwa mwenye bima ya NHIF, uliza mapema kama vyuma vimo kwenye kitita chake, maana kibali cha upasuaji si lazima kiwe kibali cha vyuma.

Na kuhusu nje: India inapokea wagonjwa wengi wa kwetu, na viza ya matibabu huruhusu wasindikizaji wawili. Wengi hawajui kwamba barani humu kuna FOCOS, hospitali ya Accra, Ghana, iliyofunguliwa 2012 na mpasuaji Oheneba Boachie-Adjei, inayopokea migongo migumu kutoka nchi nyingi za Afrika. Kona zilizovuka nyuzi 100 hunyooshwa kwanza kwa pete ya chuma inayobanwa kwenye fuvu na kuvutwa na mizigo, ikiongezwa polepole hadi theluthi au nusu ya uzito wa mwili, kwa wiki kadhaa. Mgonjwa huku anakaa kwenye kiti cha magurudumu na kula kama kawaida. Mdogo wako hajafika huko, na nyuzi 68 kwa mtoto wa miaka 15 mwenye neva nzima ni kazi inayoweza kufanyika nyumbani penye timu tuliyoieleza. Tungekwenda nje pale tu ambapo majibu ya maswali ya juu yamekosekana hapa. Mkienda, kabla ya kuondoka hakikisheni kuna daktari wa hapa aliyekubali kwa maandishi kumfuatilia, na mrudi na CD ya picha zote, ripoti ya upasuaji na stika za skrubu zenye jina la mtengenezaji. Bila stika hizo, atakayetaka kubadilisha skrubu moja miaka mitano baadaye hatajua bisibisi gani inaiingia.

Kuna mkanda wa kurekebisha mgongo unauzwa mtandaoni, na jirani anamjua mchua viungo. Je, vinasaidia?

Havinyooshi skoliosisi. Mkanda wa kitambaa ni laini mno, na kuchua pingili zenye kasoro ya kuzaliwa au kifua kikuu kunaweza kuumiza neva. Begi zito la shule nalo halileti skoliosisi, ingawa linaumiza mabega.

Mpwa wangu wa Bujumbura, miaka 7, ametoka kibiongo kilichochongoka katikati ya mgongo ndani ya miezi michache. Ana homa za jioni na amekonda. Tunatafuta mpasuaji wa skoliosisi.

Tafuteni kwanza kliniki ya kifua kikuu, wiki hii. Kona inayopinda kwenda pembeni taratibu ni skoliosisi. Nundu kali inayochomoza nyuma, pamoja na homa na kukonda, ni kifua kikuu cha mgongo mpaka ithibitike vinginevyo. Wadudu hula pingili kwa mbele, zikaporomoka. Anahitaji MRI na sampuli ya usaha ipimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya kifua kikuu. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na za mifupa huchukua miezi mingi kuliko za mapafu, kwa kawaida 9 hadi 12. Miguu ikianza kulegea au akishindwa kushika mkojo, ni dharura ya siku hiyo. Hata akipona, afuatiliwe mpaka amalize kukua, kwa sababu kwa watoto nundu inaweza kuendelea baada ya ugonjwa kwisha.

Daktari, mwanangu ana mtindio wa ubongo, miaka 11, hatembei. Sasa mgongo unaanguka upande mmoja na hawezi kukaa. Niko Unguja. Apasuliwe?

Pole kwa safari hiyo, mama. Kwa watoto hawa lengo ni kukaa bila kuumia, kulishwa vizuri na kusafishwa kwa urahisi. Hatari ni kubwa kuliko kwa mtoto anayetembea: wadudu kwenye kidonda, nimonia, damu kutoka sana. Hivyo maandalizi ni nusu ya tiba. Aongezwe uzito kwanza, hata kwa miezi 3. Kama anakabwa na chakula, hilo litatuliwe kabla. Kama anatumia valproati kwa kifafa, mpasuaji ajue mapema, kwani inaweza kuongeza utokaji wa damu. Uliza kama nyonga itaunganishwa na fito, maana nyonga iliyoinama hairuhusu kukaa sawa.

Kabla ya hapo, omba kiti kilichotengenezwa kwa mwili wake, chenye pedi tatu: moja chini ya kwapa upande anaoangukia, nyingine kwenye kilele cha kona upande wa pili, ya tatu kwenye nyonga. Kiti hakitazuia kona kuongezeka. Kinaweza kumpa mwaka mmoja au miwili ya kukaa mezani na wenzake wakati uzito unapanda. Kila miezi 6 apigwe picha ya kukaa, si ya kulala, na aangaliwe ngozi ya makalio kama imeanza kuwa nyekundu upande mmoja.